Kanzu Nyeupe, Ukuta Mweupe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kongowea, nilipewa kitunguu. Tajiri mmoja alitaka picha ya kitunguu kwenye bango la manjano. Nikakikata vizuri kwenye kompyuta, nikakihifadhi, nikakiweka juu ya manjano. Kikatokea ndani ya kisanduku cheupe, kama kimefungwa jela.

"Umehifadhi JPG?" msimamizi akauliza.

"Naam."

"JPG ni nyepesi kutuma, ila haijui uwazi. Ulipokata itapaka nyeupe. Hifadhi PNG, hiyo inaacha wazi kama kioo. Na ile faili ya kuhariria, yenye tabaka zake, usiifute. Shule uliishia wapi wewe?"

"Darasa la sita."

"Inaonekana."

Akanifunza hata hivyo. Baadaye nikahamia Changamwe, kwenye vibandiko vya chupa za asali, kisha Bofu, kwa bwana mmoja aliyejiita mkurugenzi. Alikuwa mkurugenzi wa kompyuta mbili, printa moja, na mimi.

Huko ndiko alikokuja Bi Zuhura, mjane wa hapo mtaani. Binti yake alikuwa aolewa Ijumaa, na baba mtu hakujaaliwa kuifikia harusi hiyo. Bi Zuhura alitaka mumewe awepo kwenye bango la kupokea wageni, amesimama kando ya bintiye. Picha ya mumewe amesimama wima alibaki nayo moja tu: mzee na kofia yake ya kahawia, kanzu nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa, jua la saa sita limempiga.

"Mtoeni ukutani, wanangu," akasema. "Lakini mkinipa kichwa kitupu, bango silitundiki."

Nikaiamuru kompyuta itoe nyeupe. Ikatoa ukuta, ikatoa na kanzu. Mzee akabaki kofia, uso na viganja viwili vinaning'inia. Nikairudisha picha, nikajaribu kukata kwa mkono. Wallahi, sikuona kanzu yaishia wapi na ukuta waanzia wapi. Jua lilikuwa limeviyeyusha vyote.

Mkurugenzi akanitazama juu mpaka chini. "Wewe na marehemu mmelingana urefu."

"Bosi, usinitafutie balaa."

"Nenda kavae kanzu yangu."

Akanipiga picha mbele ya mlango wa kijani, ili nyeupe ijulikane na mpaka wake. Nikajikata, nikaitupa sura yangu, hasara ndogo hiyo, nikaweka uso wa mzee juu ya shingo yangu. PNG, juu ya bango, kando ya binti. Hatukuchapisha. Tukamwita mwenyewe kwanza, tukamweleza kila kitu.

Bi Zuhura akasogeza uso karibu na kompyuta. Mkurugenzi akaanza kupangusa printa isiyo na vumbi.

"Uso ni wake," Bi Zuhura akasema mwishowe. "Kanzu je?"

"Ya mkurugenzi."

"Na kitambi?"

"Changu, Bi Zuhura."

Akajifunika mdomo kwa leso, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akafanya yote mawili. "Maskini, alikuwa mwembamba kama ufito. Nampikia mpaka nachoka, hanoni. Kumbe alikuwa angoja afe kwanza." Akajifuta macho. "Chapisheni."

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Wajukuu wangu wanatoa ukuta kwenye simu kwa kidole kimoja. Nawaambia wasifute picha ya asili, na mtu wa kanzu nyeupe wamtafutie mlango wa kijani. Wananiitikia "sawa babu" bila kuinua vichwa.

Lile bango bado lipo sebuleni kwa Bi Zuhura. Nikipita barazani pake namwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mume wangu wa kuanzia shingoni. Umekula?"