Hamsini na Nane Kila Asubuhi

Kwa miezi mitano nilisimama nje ya mlango wa chumba cha baba mkwe wangu kila asubuhi, daftari na kalamu mkononi, nikisubiri anitajie kilo zake. Yeye alikuwa ndani, juu ya mzani. Mimi nilikuwa nje, kichwa nimeinamisha ingawa hakuna aliyeniona. Akishataja namba naandika, halafu naenda kuchemsha chai. Nikilisoma daftari lile leo nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mimi ni Mchagga niliyeolewa kwa Waarusha, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Siku niliyoingia bomani kama bibi harusi, baba mkwe alinipa mtamba wa ng'ombe, na tangu hapo hatukuitana tena kwa majina. Ananiita Paashe, nami namwita Paashe. Ndivyo wanavyoitana waliopeana mtamba. Ni jina la heshima na lina mipaka yake. Mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe akiwemo, hali chakula mbele yake, hamgusi. Wake wa shemeji zangu, waliozaliwa ndani ya mila hiyo, huilegeza kidogo wanapotaka. Mimi niliyetoka kwingine niliishika kwa meno, nisije nikaambiwa Mchagga hana adabu.

Mwaka juzi mzee alianza kuchoka. Njia ya kutoka shambani hadi bomani, ambayo alikuwa akiipanda huku anaongea, akawa anaikata vipande, anasimama, anajifanya anaangalia mahindi ya jirani. Baadaye akashindwa kulala chali. Alipopelekwa hospitali mjini, daktari alisema presha aliyoishi nayo miaka mingi bila dawa imeuchosha moyo.

"Haujasimama," alituambia, "ila hausukumi damu inavyotakiwa. Maji yanabaki mwilini. Yanakaa miguuni, yanakaa tumboni, mwisho yanafika kwenye mapafu, ndiyo maana anakosa pumzi."

Baba mkwe akauliza utapona lini.

"Hauponi, babu. Unatunzwa."

"Mpaka lini?"

"Siku zote."

Niliposikia hizo siku zote nilijua ni siku za nani. Mume wangu anaendesha lori, anapita Tunduma anavuka hadi Zambia, nyumbani anakaa siku tatu anaondoka. Ndugu zake wako mlimani na mifugo. Nyumba iliyo karibu na hospitali ni yetu ya Sombetini, hapa mjini, basi akaletwa kwetu. Hakuna aliyeniuliza. Wangeniuliza ningekubali, ila ningependa kuulizwa.

Muuguzi wa kliniki alinifundisha kazi. Mzee apimwe kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, akiwa na nguo zilezile. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu tusingoje tarehe ya kliniki, tumlete. Asipewe dawa za maumivu za dukani bila kuuliza, kwa sababu nyingine huzuia maji mwilini. "Na umbonyeze hapa," alisema, akagusa muundi wa mguu wake mwenyewe. "Ukiondoa kidole shimo likabaki, ujue ni maji hayo." Nikaitikia. Baba mkwe alikuwa anatazama dirishani, na mimi tayari nilijua kwamba hilo la mwisho sitalifanya.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni fundi cherehani. Riziki yangu ni kushika watu. Kutwa nzima nazungusha futi kwenye viuno na vifua vya watu nisiowajua, nawaambia wavute pumzi, wageuke, wanyooshe mikono. Mguu wa mtu mmoja tu ndio ulionishinda, na mtu huyo alikuwa analala hatua kumi kutoka kwenye cherehani yangu.

Mengine yote niliyafanya, tena kwa bidii ya kuudhi watu. Niliondoa chumvi kwenye chungu. Watoto wangu wakanuna, mzee akawa anakula kande kama mtu anayelipa faini. Mwezi wa pili muuguzi akaniuliza kama mahindi nayachemsha kwa magadi. Nikasema ndiyo, kwani yataivaje bila magadi? Akaniambia magadi nayo ni yaleyale ya chumvi, yanavuta maji. Nikarudi nyumbani nikamwaga kopo zima, na tangu siku hiyo kande yetu inakaa jikoni tangu asubuhi, mkaa unaisha na mahindi bado yanagoma. Maji na chai nilimpimia kwenye jagi moja la kutwa. Dawa ya kukojoza aliichukia kwa sababu choo chetu kiko nje, na ili akifikie ilibidi apite kibarazani ninaposhonea, mbele ya mkwe, kila baada ya muda mfupi. Nilipogundua kuwa anaificha chini ya mto, sikumgombeza. Nilihamishia cherehani nyuma ya nyumba, nikashonea huko palipo na upepo na vumbi, apite kwa amani. Akaanza kuimeza.

Kwa hiyo daftari liliponionyesha hamsini na nane, na kesho yake hamsini na nane, na wiki iliyofuata hamsini na nane, niliona ni haki yangu. Nilijiona nimeuweza ugonjwa. Mume wangu akipiga simu kutoka njiani namsomea, anafurahi, ananiambia Mungu akubariki, anakata.

Wazee wawili wa rika lake walishuka kutoka mlimani kumwona. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Waliketi, wakamtazama vizuri, mmoja akasema, "Mjini kumekupenda. Umenenepa." Mwingine akanigeukia mimi niliyesimama mbali na trei ya chai: "Mkwe anakulisha." Baba mkwe alicheka. Mimi nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu aje. Miaka yote ile nilikuwa nikisubiri mzee wa Kiarusha anisifu mbele ya baba mkwe wangu, na sasa nimesifiwa, nikarudi jikoni natabasamu peke yangu.

Mtu ananenepa na kilo haziongezeki. Sikujiuliza. Mikanda ya viatu vyake vya matairi, vile vya kuvaa kila siku, ilikuwa imelegezwa mpaka tundu la mwisho. Niliiona, maana jicho la fundi huona kilicholegezwa, nikapita. Alianza kulala kwenye kiti. Alisema kitanda cha mjini ni laini mno. Nikaandika hamsini na nane.

Asubuhi niliyoingia haikuwa na kitu cha ajabu. Nilisimama mahali pangu. Nilisikia mzani ukilia kama unavyolia anapoukanyaga. Akasema, "Hamsini," akanyamaza, akavuta pumzi, ikakoroma, ndipo akamalizia, "na nane." Namba fupi hivyo, ameshindwa kuimaliza kwa pumzi moja. Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Niliifunika, nikasukuma mlango.

Alikuwa amesimama juu ya mzani, fimbo yake ameikita sakafuni, mikono yote miwili juu yake, amejiegemeza kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mzee wa Kiarusha haachi fimbo. Aliingia nayo wodini, aliingia nayo kwa daktari wa macho, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwenye mzani fimbo haitakiwi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia kumwona. Hakuwa amenidanganya. Alisoma mshale ulipokuwa. Kadiri maji yalivyomzidi ndivyo nguvu zilivyomwishia, na kadiri nguvu zilivyomwishia ndivyo alivyoilalia fimbo, na mzani ukaendelea kutupa namba ileile. Miguu yake ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi uliosahaulika kwenye beseni.

"Toka, Paashe," alisema.

"Naomba fimbo, Paashe."

"Fimbo yangu haishikwi na mke wa mwanangu."

Niliichukua. Hakuwa na nguvu za kunizuia, na hilo ndilo lililonitisha kuliko miguu. Alipokosa pa kushika alinishika bega, mkono mzito wa baridi, mara ya kwanza tangu niolewe. Mshale ukapanda ukasimama kwenye sitini na sita. Nilipiga magoti nikabonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Kidole kilizama. Nilipokiondoa shimo lilibaki, nikalitazama, na halikujaa.

Tulimpeleka kwa bajaji. Wodini walimwekea oksijeni, wakampiga sindano za kutoa maji, akalazwa siku tisa. Muuguzi wa wodi, mama wa makamo, aliniuliza nani anamwangalia mzee huyu nyumbani. Nikasema mimi. Akauliza kama huwa nambonyeza miguu. Baba mkwe, mwenye mpira wa oksijeni puani, akajibu kwa niaba yangu. "Huyu ni mkwe."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi. Nadhani na yeye ameolewa mahali. "Babu," alisema, "maradhi hayana mkwe."

Mume wangu alipopata taarifa alipiga simu kutoka Mbeya. Aliuliza kila siku nilikuwa naandika nini. Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Kisha nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi nikalia, si kwa ajili ya mzee, nasema ukweli, bali kwa sababu nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu wote wa miezi mitano haukuwa umesaidia kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Sisi tuliyaficha wawili, kila mmoja upande wake wa mlango, kwa adabu.

Alipotoka tulipanga upya, bila mazungumzo marefu. Asubuhi nabisha hodi, naingia. Anapanda mzani akishika bega langu, kisha anaachia kidogo, nasoma mimi mwenyewe. Halafu anakaa kitandani, anafunua shuka hadi gotini, ananyoosha mguu, anageuza uso ukutani. Nabonyeza. Nahesabu kimoyomoyo mpaka nyama irudi. Anafunika mguu. Hatusemi kitu mpaka nimetoka nje, nirudi mlangoni, nimwambie shikamoo, aitike marahaba, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana siku hiyo.

Sitasema nimezoea. Watu huniambia Mungu ataniona, nami hujibu amina, lakini zipo asubuhi ninapofungua macho nikatamani yaishe, kwa njia yoyote ile. Natamani hivyo, kisha naogopa, naamka haraka kuliko ningeamka. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Vidonge vinahesabiwa, kande haiivi, kliniki sasa ni kila mwezi, na huko nakutana na wanawake wengine wenye mafaili ya wazee ambao si baba zao, tunapishana kwenye benchi tunasinzia.

Mwezi uliopita alifariki mtu wa rika lake huko mlimani, mtu aliyetahiriwa naye. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Alhamisi mzani ulisema hamsini na tisa, Ijumaa sitini na moja, na kidole changu kikaacha shimo. Aliliona, kwa kuwa siku hiyo hakugeuza uso.

"Paashe," alisema, "Jumatatu tutaenda hospitali. Kesho nakwenda kumzika mwenzangu."

Nilimpigia mume wangu. Akasema niamue mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayemjua. Watu walio mbali hupenda kusema hivyo.

Nilijua barabara ya kule ilivyo, nilijua atakaa juani kutwa, atapewa supu yenye chumvi na hataikataa, atajifunika shuka na kusema yuko salama. Baba mkwe wangu ni mtu wa kufa na tai shingoni. Nilijua pia kwamba watu wa rika lile wamebaki wanahesabika kwa vidole, na kwamba kutoonekana kaburini kwa mwenzake ni aibu atakayoingia nayo kwenye lake.

Niliita bajaji siku ileile ya Ijumaa. Alipoisikia ikinguruma nje alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema kwa Kimaasai, lugha ya kwao, neno ambalo sikulielewa na sikumwomba alitafsiri. Walimwongezea dawa, wakamweka mpaka Jumapili, maji yakashuka kabla hayajafika kifuani. Mwenzake alizikwa bila yeye.

Tangu tuliporudi hakunisemesha kwa siku kumi na moja. Chakula alikula, dawa alimeza, watoto aliongea nao. Nikimwambia shikamoo alinyamaza. Na kila asubuhi nilipobisha hodi na kuingia nilimkuta amekwishakaa kitandani, shuka ameifunua hadi gotini, mguu ameunyoosha ananisubiri.