Matembezi na Debe Tupu
Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, daktari wa Nakuru aliniambia nitembee polepole kila jioni, maana kibofu changu kilikuwa kigonjwa na hakingepona, ila mwendo ungekituliza. Nitembee wapi? Kwetu kijijini Bahati, mwanamke akionekana akizurura, aliulizwa anampelekea nani chakula msituni. Basi nikawa nabeba debe tupu kama ninayeenda mtoni.

Jioni moja askari akanisimamisha. Akachungulia ndani ya debe, akaona nimebana miguu, akasema natetemeka kwa sababu nimeficha kitu.

“Simama hapo hapo!”

Kutembea niliweza. Kusimama ndiko kulikonishinda. Mkojo ulipofika kwenye vidole vya miguu yangu, ndipo alipogeuza uso na kusema, “Haya mama, tembea.”