Kona ya Nne Inapita Zizini Kwetu

Admin, naomba jina langu lisitokee. Wanangu wote wanausoma ukurasa huu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuufungua.

Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nimefiwa na mke na naishi pembezoni mwa jiji la Dodoma. Nilizaliwa upande wa Mlali, wilaya ya Kongwa. Nikiwa mvulana, kaya zetu zilihamishiwa kwenye vijiji vipya, na tangu siku hiyo sikurudi tena tulipotoka. Nilisoma mbali, nikafundisha Songea mpaka nikastaafu. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, huwa nataja wilaya tu, naishia hapo.

Tangu mama watoto afariki, gari letu dogo lilikaa chini ya turubai. Kila asubuhi nililiwasha, nikalisikiliza, nikalizima. Binti yangu alichoka kuliona hivyo.

"Baba, kuna vijana wanaandaa siku ya kukimbiza magari. Si mashindano. Kila mtu anakuja na gari lake la kutembelea, njia inafungwa, unakimbia unavyoweza. Nimeshakuandikisha."

Nikasema sawa. Siku hizi karibu kila kitu nasema sawa.

Nilijiandaa kama nilivyokuwa nikiandaa somo. Nilibadilisha pedi za breki na mafuta yake, nikapima upepo wa matairi, nikakaza betri isicheze. Nikatoa makapeti, jeki na tairi la akiba, maana masharti yanasema ndani ya gari kisibaki kitu kinachoweza kuruka. Chini ya kiti cha abiria nilikuta kandambili moja ya marehemu. Niliiweka barazani, nikarudi kwenye betri. Nalisema hili ili mjue hali yangu: sikulia, wala sikukaa chini.

Wiki iliyopita tuliitwa kuitembea njia kwa miguu kabla ya siku yenyewe. Iko Kongwa, ndani ya shamba kubwa lililoachwa zamani, barabara ya changarawe inayozunguka na kurudi ilipoanzia. Nilifika kama mgeni. Mratibu ni kijana mcheshi, wenzake wanamwita Kocha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye tunayekuogopa Jumamosi. Ninyi wazee wa gia za mkono mnatunyima siri."

"Siri ni kwenda polepole," nikamwambia. Wakacheka.

Kwenye kona ya nne alituonyesha mwamba bapa uliopakwa chokaa. "Mzee wangu, hapa ndipo pa kukanyaga breki. Ukiupita mwamba huu bado umekanyaga mafuta, tutakuja kukutoa kwenye miiba kule. Halafu katikati ya kona udongo unabadilika. Ona, mweusi, laini, gari linateleza. Hatujui kwa nini."

Mimi nilijua. Mwamba ule una mashimo matatu yaliyolika, na la kushoto ndilo mama alilosagia uwele. Nyuma yake kuna korongo, na ng'ambo ya korongo vilima viwili, kimoja kimejificha nusu nyuma ya mwenzake. Udongo mweusi ni samadi ya zizi letu.

Katika ukoo wetu, enzi hizo, mkuu wa kaya alizikwa zizini. Babu alizikwa pale nikiwa mdogo. Hakuwekewa jiwe wala msalaba. Jioni ng'ombe walirudi kutoka malishoni wakapitishwa juu yake, na kesho yake hivyo hivyo, mpaka pakawa sawa na pengine. Baba alisema ndiyo heshima ya mwenye kaya, aendelee kuwasikia ng'ombe wake wakiingia na kutoka.

"Mzee, umechoka?" Kocha akauliza.

"Hapana. Naangalia udongo."

Sikuwaambia. Nilisubiri uchungu unipande kifuani, haukupanda. Nilisikia vumbi puani, basi.

Nikaenda Mvumi kwa dada yangu, ndiye peke yake aliyebaki anayekumbuka. Nilimkuta anachambua mlenda.

"Una uhakika?"

"Mashimo matatu, dada."

"La kushoto limelika kuliko mengine?"

"Ndiyo."

Akaacha mboga. "Basi ni kwetu. Yaani wewe, na mvi zote hizo, umekwenda kutafuta michezo ya watoto ukaangukia kwa babu." Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akasema, safari hii bila kucheka, "Waambie waondoke pale. Babu alizoea kwato, hakuzoea matairi."

"Na tangu tuhamishwe, dada, nani amepita juu yake?"

Alirudi kwenye mlenda wake.

Kona ile haina pengine pa kupinda, huku korongo, huku mwamba. Nikisema, siku yao imeharibika, na binti yangu ameshawaambia wenzake wote kazini kwamba baba ameamka. Nikijitoa kimyakimya, magari ya watu baki yatapita pale kutwa na hatakuwepo hata mmoja wa ukoo. Nikiendesha, nitapita juu ya babu yangu kwa kasi, helmeti kichwani.

Jumamosi ni keshokutwa. Gari liko tayari, nambari imebandikwa mlangoni. Mimi bado sisikii kitu, ndiyo maana nawauliza ninyi mnaosikia. Zaidi nawaomba wenye koo zilizozika zizini mniambie: niwazuie vijana, nibaki nyumbani, au nipite? Na nikipita, babu akasikia kishindo baada ya miaka yote hii, gari la mjukuu linaweza kuhesabiwa ng'ombe aliyerudi?