Aliyekuwa Nyuma ya Zuhura

Jamani, leo mimi nimeishiwa maneno. Mimi!

Mnanijua. Ndimi niliyemfukuza fisi kwa kandambili kule Maneromango. (Walikuwa wawili, mmoja huwa simtaji.)

Asubuhi nimewachukua wapwa zangu wanne kutoka Tumbi, nikawapeleka msituni Kisarawe wakaone wanyama.

Tukashika kijia, mmoja nyuma ya mwenzake. Mbele mimi, mtaalamu. Mwisho kabisa Zuhura, wa miaka saba.

Saa nzima hatujaona hata ngedere. Hata ndege wamenyamaza.

Zuhura akasema, "Mjomba, kuna mtu anapumua huku nyuma."

Nikacheka. "Ni tumbo lako hilo, mama. Tembea!"

Tukageuza, tukarudi na njia ileile. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo, nyayo zetu zote zinasomeka.

Sasa sikieni.

Juu ya nyayo ndogo za Zuhura, hatua kwa hatua, kulikuwa na nyayo za chui.

Pale tulipokaa kula mihogo, majani yamelaliwa. Nyuma tu ya alipokaa yeye.

Nikawatanguliza wenzake, yeye nikambeba kifuani. Mgongoni niliogopa.

"Mjomba, mimi sijachoka."

"Najua."

"Mbona unageukageuka nyuma?"

Nikamkumbatia zaidi, nikaongeza mwendo.

Nyie mnaojua pori, niambieni: chui akimfuata mtoto hivyo, huwa anakata tamaa?

Dada yangu, ukisoma hapa, mwanao ni mzima. Yuko kwangu Pangani, hii ya jirani na Tumbi, anakula wali.

Ila amekataa kuupa mlango mgongo.

Na mimi vilevile.