Nguo za Mtoto Asiyekuwepo

Vita vilipofika Kindu, tumbo la mama lilivimba. Sisi binti zake tulidhani askari walimbaka, tukanyamaza kwa haya. Miezi tisa ilipita bila mtoto. Ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alimpasua siku hiyohiyo, akakuta kansa ya ovari imetapakaa, akamshona bila kuitoa. Mama hakumaliza wiki.

Leo tumbo langu nalo limevimba. Daktari anataka nitundikiwe dripu ya dawa kwanza, kansa ipungue, ndipo anipasue. Mdogo wangu anafoka: "Yaya, dada yangu, wakupasue leo! Mama alicheleweshwa!"

"Na nani?" nawaka. "Alituapia kwamba hakuna mwanaume aliyemugusa. Sisi njo tulikuwa tunamushonea mutoto nguo."