Mchezo Uliokwenda Bila Mwisho

Alhamisi ya pili ya Agosti, 1975. Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.

Jana nilipata barua ya chama chetu cha waandishi wa michezo ya televisheni: kuanzia Jumatatu ya wiki hii mtu asipeleke mchezo studio mpaka wakubali kutobadilisha maneno yetu bila kutuuliza. Nami Jumatatu hiyohiyo nilikuwa nimeshatuma wangu Nairobi kwa posta. Sikujua, lakini nani angeamini? Nilijiona nimeshafutwa chamani, msaliti wa Voi.

Niseme haki: mtayarishaji wa studio si mtu mbaya. Ndiye aliyenionyesha jinsi mchezo unavyoandikwa, mimi niliyeishia darasa la nne. Lakini mara mbili alinibadilishia mwisho. Mara moja alimwozesha mjane niliyetaka abaki peke yake.

Leo nikaenda mtaa wa Kaloleni, hapahapa Voi, kwa mama anayenipigia taipu, nione nakala, nijue hasa nimetuma nini.

"Umekuja kuchukua zile nne?" akaniuliza.

"Nne zipi?"

"Kurasa za mwisho, mzee. Si nilikuambia utepe wa mashine umekwisha, urudi Jumanne? Ukatoka mbio na bahasha." Akazitoa kwenye droo. "Waandishi nyinyi. Watu wasiokuwepo mnawakumbuka, kazi yenu mnaisahau."

Nikafurahi kwamba studio hawana mchezo mzima, kisha nikaogopa: mtayarishaji angeweza kujitungia mwisho. Nikaenda posta kumpigia simu katibu wa chama, nikangoja karibu saa nzima kuunganishwa.

"Ndugu, umewaweza," katibu akasema. "Nimesikia kutoka studio: mchezo wako unakatika mtu ameshika kitasa cha mlango, hakuna anayejua nyuma yake kuna nani. Wakubwa wa studio walitaka mtayarishaji abuni mwisho. Amekataa, anasema mwisho ni wa mwandishi. Kwa hivyo hawarekodi."

Nikamwambia ukweli: haukuwa ujanja, nilisahau tu, na nilipoutuma nilitaka ufike.

Akajibu: "Uliutuma kabla barua haijakufikia. Hapo huna kosa. Sasa endelea kusahau mpaka tukuambie."

Sifa yenyewe sidhani naistahili. Ya mtayarishaji ni kubwa kuliko yangu. Lakini jina langu bado limo chamani, na kifua kimekuwa chepesi. Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote.

"Kwani nyuma ya mlango kuna nani?"

"Hata wewe subiri, kama studio."

"Haya, na chakula kisubiri."

Hakikusubiri. Tulikula kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na mchicha pembeni.