Nilivyowaacha watoto wa viboko tulipowahesabu kwa ndege, mto Ruhuhu

Wakuu, habari za humu. Nina darasa la nne, herufi zikienda kombo mtanisamehe. Hii siyo chai, nilikuwemo kwenye hicho kindege.

Miaka ya ruksa, mitumba ndiyo imeanza kujaa Mbinga, mimi nina boti ya abiria Lituhi. Niliinunua kwa jasho langu, sikurithi hata kasia.

Akaja dada wa wanyamapori, Mmatengo wa Matiri. Kazi yake kuhesabu viboko kutoka angani, ajue kama mlangoni mwa Ruhuhu wanazalia.

Wakizalia, panalindwa. Wasipozalia, wawindaji wanapewa kibali.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa viboko wa hapa unawajua wote."

"Marahaba. Na wao wananijua, wanakula mpunga wangu."

Tukapaa, yeye dirisha la kulia, mimi la kushoto. Nilitapika mara mbili, kwenye kofia yangu mwenyewe. Kuhesabu sikuacha.

Tulipotua akasoma karatasi.

"Mzee, upande wako wakubwa kumi na tisa, mtoto hakuna. Upande wangu matete matupu. Basi hawazalii."

"Hawazalii nini? Watoto si wako migongoni mwa mama zao."

"Mbona hukuwataja?"

"Mtoto wa mgongoni anahesabiwa wapi, mwanangu? Kwenye boti yangu mama na mtoto mgongoni ni abiria mmoja."

Rubani alicheka mpaka akakaa chini. Dada hakucheka.

"Siwezi kuandika nisichokiona," akasema.

Hapo wakuu, nikinyamaza tu, viboko wanapigwa risasi na mpunga wangu unapona. Kijiji kizima kingenishukuru.

Lakini niitwe mtu asiyejua kuhesabu? Nikamwambia, "Turudi juu. Safari hii kushoto kaa wewe."

Mafuta yalitosha mzunguko mmoja. Akawaona mwenyewe, watoto saba. Mimi nikatapika tena, na kofia nilishaitupa.

Kibali hakikutoka. Mwaka huo viboko walimaliza mpunga wangu wote.

Mke wangu akasimama shambani akaniuliza, "Baba Anna, na wale saba nao wamekula, au bado huwahesabu?"

Nilichojifunza: kitu ukikizoea sana unaacha kukisema, na mwenzako anaandika kwamba hakipo.

Tangu siku ile mtoto wa mgongoni namhesabu kwenye boti. Nauli simtozi.

Wa Lituhi mliokiona kile kindege, karibuni mchangie. Anayesema watoto walikuwa nane aseme alikuwa amekaa wapi.